Pima Presha Kabla ya Kumeza Kidonge

Mgonjwa wa presha anaamka saa 12 asubuhi, anameza dawa, saa 4 yuko kliniki. Mashine inasoma 128/78, anaambiwa anaendelea vizuri. Namba hiyo ni ya kweli, ila imechukuliwa dawa ikiwa na nguvu zake zote. Haisemi lolote kuhusu alfajiri, dozi ya jana inapokuwa ukingoni. Na asubuhi ndipo kiharusi na shambulio la moyo hutokea zaidi.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kipimo cha maana kuliko vyote ni cha nyumbani: ndani ya saa moja baada ya kuamka, haja ndogo ikiwa imetoka, kabla ya kula, kabla ya kidonge. Hicho ndicho kinachoonyesha kama dawa imefika saa 24.

Dawa hazidumu sawa. Amlodipini huondoka mwilini polepole, huchukua saa 30 hadi 50 kupungua nusu, hivyo dozi ikichelewa kidogo presha hairuki. Kaptoprili ni ya saa chache, ndiyo maana humezwa mara mbili au tatu kwa siku. Basi namba zako za asubuhi zikiwa juu na za jioni zikiwa nzuri siku baada ya siku, mpelekee daktari daftari lako la vipimo. Huenda akabadilisha dawa au kuigawa dozi, wewe usijiongezee. Pia mweleze kama unakoroma na pumzi kukatika usingizini, au unatumia diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu, maana vyote hupandisha presha. Wapo wanaohamishia dawa usiku wakitarajia makubwa. Utafiti wa TIME wa Uingereza, uliotoka mwaka 2022 ukiwa na watu zaidi ya 21,000, haukuona tofauti kati ya asubuhi na usiku katika kuzuia kiharusi, shambulio la moyo na vifo vyake. Meza saa ambayo hutasahau.

Ila daftari lenye namba mbovu litampotosha hata daktari mzuri, na kosa kubwa liko kwenye mkanda wa mashine unaofungwa mkononi. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, mara nyingine kwa zaidi ya 10. Zungushia futi ya fundi cherehani katikati ya bega na kiwiko, kisha linganisha na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Ufunge juu ya ngozi, si juu ya shati, ukingo wake wa chini ukiwa vidole viwili juu ya kiwiko. Mkono uulaze mezani, mkanda ulingane na moyo. Ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, namba inapanda bure kwa karibu 8. Egemea kiti, nyayo zote sakafuni, miguu usiikunje nne, kaa kimya dakika 5. Kahawa, sigara na mazoezi viache nusu saa kabla ya kupima. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili. Namba zikizidiana kwa zaidi ya 10, tumia daima mkono wenye namba kubwa.

Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, siku 7. Siku ya kwanza iache, zilizobaki tafuta wastani. Wastani wa 135/85 au zaidi nyumbani ni presha iliyo juu, hata kama kliniki husoma chini ya 140/90. Andika kila namba. Anayerudia mpaka apate inayompendeza anaficha ugonjwa wake mwenyewe.

Usiku unabaki gizani. Presha hutakiwa kushuka asilimia 10 hadi 20 mtu akilala, na isiposhuka hatari huongezeka, hasa kwa wenye kisukari au figo mbovu. Hao waombe mashine ya kuvaa saa 24. Wastani wa usiku uwe chini ya 120/70.

Ukikuta 180/120 au zaidi, pumzika dakika 5 urudie. Ikibaki hapo na kifua kinauma, pumzi inabana, ulimi mzito au upande mmoja umelegea, nenda hospitali muda huohuo. Bila dalili hizo, wasiliana na daktari siku hiyohiyo. Usiweke nifedipini ya haraka chini ya ulimi: presha ikiporomoka ghafla, ubongo hukosa damu.