Gunia la Kilo 100 na Mgongo wa Mchukuzi

Ubishi kuhusu lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, nchini Tanzania umekuwa, kwa miaka mingi, ubishi wa bei. Wakala wa Vipimo husisitiza kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100, na sababu inayotolewa ni kumlinda mkulima asipunjwe. Sababu hiyo ni ya haki wala siipingi, ila nashangaa kuona kwamba katika mjadala wote huo, mtu anayelitoa gunia lenyewe kwenye lori na kulifikisha ghalani ni kama hayupo.

Mwaka 1991 NIOSH, taasisi ya Marekani inayotafiti usalama na afya kazini, ilirekebisha kanuni yake ya kunyanyua mizigo na kuweka kikomo cha kilo 23. Hicho ni kikomo cha mazingira bora kabisa: mzigo uwe karibu na mwili, kimo cha sentimita 75 kutoka sakafuni, wenye mahali pazuri pa kushika, na mnyanyuaji asijipinde. Kila sharti linapokosekana, kikomo hushuka. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya vifundo vya miguu badala ya 25, kilo 23 zinakuwa 11.5. Namba hizi hazikutungwa na makarani wanaoogopa kesi. Nyuma yake kuna pingili za uti wa mgongo wa maiti zilizobanwa kwa mashine hadi zikavunjika, vipimo vya nguvu ambazo mwili hutumia, na majaribio ambamo wafanyakazi walijichagulia uzito wanaoweza kuumudu kutwa nzima.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulichapishwa mwaka 1999 na watafiti wa Ulm, Ujerumani, waliopima shinikizo ndani ya mgongo wa mtu aliye hai. Aliyejitolea alikuwa daktari wa mifupa, na sijui ni nani mwingine angekubali. Kifaa kilipachikwa ndani ya gegedu iliyo kati ya pingili mbili za kiunoni: aliposimama wima kilisoma megapaskali 0.5, na aliponyanyua mzigo wa takriban kilo 20 kwa mgongo uliopinda kikasoma 2.3. Alipokunja magoti, shinikizo lilikuwa 1.7.

Ni kweli kwamba huyo ni mtu mmoja, na kwamba tafiti za mapacha nchini Finland zimeonyesha urithi unachangia sana kuchakaa kwa gegedu hizo. Ni kweli pia kwamba kanuni ya NIOSH inahusu kunyanyua kwa mikono miwili, si kubeba begani. Hata hivyo, hakuna gunia linalofika begani bila kunyanyuliwa.

Tofauti ya 2.3 na 1.7 humfanya mtu aseme upesi kwamba dawa ni kuwafundisha wachukuzi kukunja magoti. Hapo ndipo ushahidi unapowaaibisha wengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997, uliofuatilia karibu wafanyakazi 4,000 wa posta nchini Marekani kwa zaidi ya miaka 5, haukuona mafunzo hayo yakipunguza majeraha ya mgongo. Mwaka 2000 ukafuata utafiti wa mikanda ya kiunoni inayovaliwa kulinda mgongo, uliohusisha wafanyakazi zaidi ya 9,000 wa maduka, nao haukuona faida. Mwajiri anayegawa mikanda na kubandika picha ya mtu aliyekunja magoti amenunua utulivu wa dhamiri yake tu, kwa sababu kinachopaswa kubadilika ni mzigo.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumdhuru, lakini kilo ngapi haisemi. Kanuni za viazi za nchi hiyo za mwaka 2019, zilizokusudiwa kumwokoa mkulima na madalali, ndizo zilizotaja kilo 50 kuwa kikomo cha gunia. Bila shaka hiyo ni nafuu, ingawa bado ni zaidi ya mara mbili ya kilo 23, na mfuko wa saruji tunaouzoea ni kilo 50 vilevile, ilhali Uingereza mfuko wa kawaida ni kilo 25.

Wachukuzi wenyewe watauliza, na wana haki, kwamba wanaolipwa kwa gunia watakula nini magunia yakipungua uzito na tajiri akashusha ujira. Jibu langu ni kwamba walipwe kwa kilo. Mizani ile ile inayodaiwa kwa ajili ya mkulima inaweza kumpimia na mchukuzi.