Mizani ya Uingereza, maharage ya nyumbani

Mtu wa kwetu akigundulika na kisukari hapa Uingereza, hurudi nyumbani na picha ya sahani kichwani: nusu mboga, robo wanga, robo protini. Kwa kuwa sahani ya mfano imejaa viazi na pasta, anaamua kwamba chakula cha kwao ndicho kilichomponza. Ugali unapigwa marufuku, mkate wa kahawia na boksi la cornflakes vinaingia kabatini. Miezi mitatu baadaye kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, hakijashuka, na anashangaa.

Mimi naona tumebeba kitu kisichostahili na kuacha cha maana. Uingereza wanatushinda kwenye kupima. Kwenye chakula chenyewe, jiko la nyumbani lina maharage, kunde, choroko, dagaa, mchicha, kisamvu na matembele, na hakuna mtaalamu wa lishe atakayekuomba uviache.

Hizo cornflakes ni mahindi yaliyokobolewa, yakapondwa na kukaushwa. Kila gramu 100 zina wanga takriban gramu 84, na unayeyuka tumboni haraka kuliko ugali. Boksi linasema kiasi cha mtu mmoja ni gramu 30. Pima unachomimina kwa kawaida, utakuta 60. Ongeza glasi ya juisi ya machungwa, na asubuhi hiyo imeharibika kabla ya saa tatu. Wanaotaka uji wa shayiri wachukue ile ya chembe kubwa, gramu 40, waache ya pakiti ndogo za kumwagia maji ya moto. Nafaka iliyosagwa laini na kupikwa hadi ikalainika kabisa huacha kazi ndogo sana kwa utumbo. Uji wa lishe tunaousifia nao una tatizo hilo hilo, hata ukiwa na karanga na soya ndani, hasa ukinywewa vikombe viwili na sukari juu.

Nyumbani, mharibifu wa asubuhi ni chai. Kikombe kikubwa cha mililita 300, nusu maziwa, kina sukari ya maziwa yenyewe kama gramu 7. Vijiko vitatu vya chai vya sukari ni gramu 12 nyingine. Vikombe vinne kwa siku vinafika gramu 76, na bado hujagusa andazi. Chai ya rangi yenye tangawizi na iliki haihitaji sukari baada ya wiki mbili za kujizoeza. Asali na sukari guru hazisaidii, mwili unazihesabu kama sukari. Mdalasini ni kiungo kizuri, usiugeuze kuwa dawa.

Sasa lebo. Rangi za mbele ya pakiti zinawadanganya watu wengi, maana kijani ya sukari inatolewa kwa chakula chenye sukari isiyozidi gramu 5 kwa kila 100, na nyekundu kwa kinachozidi 22.5. Mkate mweupe una sukari kama gramu 3 tu, kwa hiyo unapata kijani. Geuza pakiti nyuma utazame mstari wa "Carbohydrate" (wanga wote), si ule mdogo wa "of which sugars" ulio chini yake, na utaona gramu 45 na zaidi. Kipande kimoja cha kawaida kinakupa wanga gramu 17 hivi. Rangi ya kahawia nayo si ushahidi. Tafuta neno "wholemeal" (ngano isiyokobolewa) likiwa la kwanza kwenye orodha ya viambato, na nyuzinyuzi zifike gramu 6 kwa kila 100. Wapika chapati wasome mfuko wa atta vivyo hivyo: ulioandikwa "medium" umepunguzwa pumba.

Ugali unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiko ugomvi ulipo. Unga mkavu wa mahindi una wanga gramu 75 hadi 80 kwa kila 100. Nyumbani kilo moja husongwa kwa watu wanne au watano, maana yake kila mmoja anakula wanga gramu 150 na ushei kwa mlo mmoja. Aliyelima tangu alfajiri anaweza kuzichoma. Anayekaa kwenye kiti cha ofisi Birmingham, akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye gari, hawezi, na bado anasonga kilo ile ile kwa sababu ndivyo sufuria ilivyozoea.

Hapo ndipo mizani ya jikoni inapofaa. Pima unga kabla ya kusonga, tuseme gramu 400. Huo una wanga kama 308. Ugali ukiiva, pima wote. Ukitoka kilo 1.2, kila gramu 100 za ugali zina wanga kama 26, na donge la gramu 200 lina 51 hivi. Ukisonga mgumu zaidi namba inapanda, kwa sababu maji yamepungua, ndiyo maana kupima kwa ngumi hakuaminiki. Fanya hesabu hiyo mara tatu nne, kisha jicho litakuwa limejifunza. Kwa wali, gramu 60 za mchele mkavu zinatoa wanga kama 47. Basmati hupandisha sukari polepole kuliko mchele mwingine mwingi mweupe.

Dona ni bora kuliko sembe, sikatai. Ila watu wameigeuza hirizi: wanakula dona mara mbili ya sembe waliyoacha. Nafasi inayobaki kwenye sahani ijazwe maharage na mboga, na ikiwezekana vianze kuliwa hivyo kabla ya ugali. Gramu 100 za maharage yaliyochemshwa zina wanga kama 22, lakini karibu 7 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, na protini inafika 8. Maharage ya kopo yanafaa, suuza chumvi. Kwa wenye figo zilizodhoofika mambo hubadilika, kwani maharage, ndizi na madafu vina potasiamu nyingi. Wao waongee na daktari kwanza.

Viazi vitamu chemsha, usioke; tanuri huvifanya vipandishe sukari haraka zaidi. Ndizi mbichi za kupika zina wanga mgumu kusagika kuliko ndizi mbivu. Wali uliolala kwenye friji nao hupandisha sukari kidogo kuliko ulioepuliwa sasa hivi, lakini upoze ndani ya saa moja, upashe moto mara moja tu hadi utoe mvuke, na usikae zaidi ya siku moja. Kipimo cha wali hakibadiliki kwa sababu hiyo.

Kujua chakula gani kinakukubali, pima sukari ya damu kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Kwa kisukari cha aina ya pili, lengo la kawaida baada ya saa hizo mbili ni chini ya 8.5 mmol/L, kipimo kinachotumika hapa Uingereza. Ndugu wa Marekani wanaosoma kwa miligramu (mg/dL) wagawe kwa 18. Osha mikono kwanza, kwani utomvu wa embe kidoleni unatosha kukutisha bure. Pilau, wali wa nazi na chapati za mafuta hudanganya kwa upande mwingine: mafuta huchelewesha tumbo, saa ya pili unaonekana salama, saa ya nne sukari iko juu. Na mwenye selimundu asiamini HbA1c peke yake, maana seli nyekundu zinazokufa mapema huishusha isivyo kweli.

Onyo moja ni la haraka. Anayetumia insulini, au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi na gliklazidi, asikate ugali nusu ghafla bila kumwambia anayemwandikia dawa, kwani dozi ilipangwa kwa sahani kubwa. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4, meza sukari ya haraka gramu 15 hadi 20, subiri dakika 15, pima tena. Chokoleti ni polepole mno. Tangu kodi ya vinywaji vyenye sukari ya Aprili 2018, soda nyingi za hapa zimeshushwa chini ya gramu 5 kwa mililita 100, kwa hiyo nusu ya kopo haitoshi kukuinua. Soma kabla ya kuiweka mkobani.

Na tukituma mzigo nyumbani, tuache biskuti "zisizo na sukari" kwa mama mwenye kisukari. Unga wake ni ule ule wa ngano. Mtumie mizani. Ukituma mashine ya kupimia, uliza kwanza duka la dawa la karibu naye linauza stripu za aina gani, kwani stripu za mashine moja haziingii kwenye nyingine, zina tarehe ya mwisho, na joto la juu ya kabati la bati huziharibu zikiwa bado ndani ya kichupa.