Taa inajiwasha yenyewe, mlinzi wa mnara wa taa ya baharini anabaki kufanya nini?

Mwaka 1912 Msweden Gustaf Dalén alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kubuni vifaa vinavyoendesha taa za baharini bila mkono wa mtu. Taa hizo ziliwaka kwa gesi, na vali yake, yaani koki ya gesi, ilihisi mwanga wa jua: kukipambazuka gesi inajifunga, giza likiingia inajifungua. (Mwaka huohuo mlipuko wa gesi ya asetilini ulimpofusha, akaishi hivyo hadi alipofariki 1937.) Uvumbuzi wa aina hiyo ulifika hata Zanzibar, ambako mnara wa kisiwa cha Chumbe, uliojengwa 1904, uligeuzwa kutumia gesi mwaka 1926. Kwa hiyo hoja kwamba taa inahitaji mtu wa kuiwasha ilikwisha zaidi ya karne moja iliyopita.

Mbona basi Kanada bado wanabishana kama walinzi wa minara waondolewe? Katika pwani ya British Columbia, upande wa Pasifiki, minara 27 ilikuwa na walinzi wanaoishi hapo hadi mwaka 2024. Scotland iliwaondoa wa mwisho Machi 1998, kule Fair Isle, na England ikafuata Novemba mwaka huohuo. Idara ya ulinzi wa pwani ya Kanada (Coast Guard) ilijaribu kufanya vivyo hivyo miaka ya 1990, ikajaribu tena 2009, na mara zote mbili kelele za watu wa pwani ziliirudisha nyuma. Desemba 2010 kamati ya Seneti inayoshughulikia uvuvi na bahari ilipendekeza walinzi wabaki.

Wanaotaka waondoke huanza na pesa. Kituo chenye watu kinahitaji nyumba, jenereta, mafuta, na helikopta au meli ya kupeleka mahitaji mahali ambapo hakuna barabara. Taa ya leo inatumia umeme wa jua, na nahodha ana GPS mezani. Hoja hiyo ni nzito. Lakini wana nyingine nzito zaidi ambayo nashangaa hawaitumii sana, nayo ni jinsi maisha yenyewe yalivyokuwa.

Chukua Triangle Island, kisiwa kilicho mbali na ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Vancouver. Mwaka 1910 serikali iliwasha taa juu ya kilele chake, zaidi ya mita 200 kutoka usawa wa bahari, ili ionekane mbali. Huko juu mawingu na ukungu viliifunika mara kwa mara, ikawa taa ya kuwaangazia ndege. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba majengo yalifungwa kwa nyaya yasipeperushwe. Baada ya takriban miaka kumi kituo kikaachwa. Waliokosea walikuwa wahandisi. Walioteseka kwa kosa hilo walikuwa walinzi na familia zao.

Kisha kuna zebaki. Lenzi kubwa za mtindo wa Fresnel, yaani vioo vya kukusanya mwanga wa taa, zilikuwa na uzito wa tani kadhaa, na ili zizunguke kwa wepesi ziliwekwa zielee juu ya beseni la zebaki. Mlinzi alikaa chumbani na mvuke wake, na zebaki ikichafuka yeye ndiye aliyeichuja kwa kitambaa. Zamani mlinzi akianza kutetemeka au kuwayawaya walisema upweke umemwingia kichwani. Leo tunajua mvuke wa zebaki hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na huenda baadhi yao walikuwa wagonjwa wa sumu tu.

Wanaotetea walinzi hupenda kumtaja Minnie Paterson. Desemba 1906, katika dhoruba, jahazi la Coloma lilikuwa linasukumwa kuelekea miamba ya Cape Beale, kwenye kisiwa cha Vancouver. Waya wa telegrafu ulikuwa umekatika. Mumewe, mlinzi wa mnara wa hapo, hakuweza kuacha kituo, hivyo mama huyu wa watoto watano alipita msituni na kwenye matope hadi Bamfield, karibu kilomita kumi, kuitafuta meli ya serikali Quadra. Mabaharia wakaokolewa. Yeye alifariki 1911 kwa kifua kikuu.

Ni kisa cha kweli na kinastahili kusimuliwa, ila mimi nakiona kinakata pande zote mbili. Alitembea kwa sababu chombo cha mawasiliano kilishindwa, na hilo ni jibu kwa anayedhani mashine hazikatiki. Lakini mshahara ulikuwa wa mumewe. Vituo vingi viliendeshwa namna hiyo: serikali ilimwajiri mwanamume mmoja, ikapata na kazi ya mke na watoto. Anayelilia zamani zile aseme kwanza kama yuko tayari kulipa kila mkono.

Hoja yenye nguvu ya wanaotetea walinzi haihusu taa hata kidogo, inahusu macho. Walinzi wa British Columbia hutoa taarifa za hali ya hewa mara kadhaa kwa siku: mawimbi yakoje, mawingu yako wapi, mtu anaona umbali gani. Vipimo vya mashine husoma upepo na mgandamizo wa hewa vizuri, lakini ukungu mzito unaokuja upande mmoja wa ghuba huweza kuvipita bila kugunduliwa. Rubani wa ndege ndogo inayotua majini na mvuvi mwenye boti ya mita nane wanaihitaji taarifa hiyo kuliko meli ya makontena, na ndio waliopiga kelele zaidi. Urithi wa minara mizuri myeupe ni jambo jingine. Jengo linaweza kutunzwa bila kumpa mtu zamu ya alfajiri.

Kwa hiyo swali la kama walinzi wote wabaki au wote waondoke limeulizwa vibaya. Kituo chenye ndege ndogo na boti nyingi kibaki na watu, walipwe kama waangalizi wa hali ya hewa na waokoaji, maana ndiyo kazi yao. Mwamba usiopitiwa na yeyote uachiwe mashine.

Pachena Point, kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa cha Vancouver, ndiyo inayoupima msimamo huu. Mnara huo ulijengwa baada ya meli ya Valencia kugonga miamba karibu na hapo Januari 1906. Zaidi ya watu 100 walikufa, na katika 37 walionusurika hakukuwa na mwanamke wala mtoto. Mwaka 2024 ilitangazwa kuwa walinzi wa hapo na wa Carmanah Point wataondolewa, safari hii kwa sababu ardhi chini ya vituo si imara. Sababu hiyo siipingi, kwa kuwa hakuna taarifa ya ukungu inayostahili nyumba ya mtu kuporomoka baharini. Ila vituo vyote viwili viko kando ya West Coast Trail, njia ya miguu iliyoimarishwa baada ya ajali ileile ili manusura wa meli wapate pa kupita, na wasafiri wanaoumia njiani wamekuwa wakibisha hodi kwa walinzi hao. Ardhi ikiwa mbovu, waangalizi wanaweza kuwekwa mahali pengine kwenye pwani hiyohiyo, na gharama yake ihesabiwe kabla ya kufunga, si baada.