Samaki wasioandikwa

Kuna picha huwa sichoki kuziangalia. Ni za Key West, Florida, watu wametoka kuvua kwa starehe, wametundika samaki wao kwenye ubao pale gatini wanapigwa picha. Za miaka ya 1950 unaona chewa mnene kuliko mtu aliyesimama kando yake, na papa wakubwa. Ukija za 2007 kilichotundikwa ni vichangu vidogo tu, na watu wanatabasamu vile vile! Hiyo ndo inaniuma. Mtafiti Loren McClenachan alikaa na picha hizo akawapima samaki, akakuta wastani wa uzito umeshuka kutoka karibu kilo 20 hadi kilo 2 na kidogo.

Mi naona hiyo ndo kazi hasa ya mwanasayansi wa bahari, kuzamia ni sehemu tu. Daniel Pauly, mwanasayansi wa samaki, alishaandika mwaka 1995 kwamba kila mtafiti anaichukulia bahari aliyoikuta siku anaanza kazi kuwa ndo ya kawaida, akistaafu anakuwa amepima hasara ya miaka yake tu, na anayemfuata anaanza kuhesabia pale palipokwisha kupungua. Yaani samaki wanaisha na kila mtu anaona mbona hali sio mbaya sana.

Pauly mwenyewe hakuishia kwenye maneno, yeye na wenzake wametumia miaka mingi kuwatafuta samaki ambao hawamo kwenye vitabu vya serikali, wa mvuvi mdogo, pweza wanaookotwa na kina mama maji yakitoka, na wale wanaotupwa baharini wameshakufa kwa sababu meli haikuwataka. Karani akikosa namba anaacha wazi, afu zikijumlishwa ile nafasi inageuka sifuri, kana kwamba hakuna aliyevua. Mwaka 2016 yeye na mwenzake Dirk Zeller wakatoa hesabu yao: kilele cha samaki waliovuliwa baharini duniani kote, mwaka 1996, kilikuwa kama tani milioni 130 wakati namba rasmi zilisema milioni 86, na baada ya hapo ikawa inashuka.

Wapo wanaolalamika kwamba hayo ni makadirio tu. Sawa, makadirio yanaweza kukosea, lakini sifuri nayo ni kadirio, tena baya kuliko yote, na anayeumia ni yule mvuvi mdogo maana siku leseni za meli kubwa zinagawiwa, kwenye makaratasi yeye havui chochote.