Ajali Haina Kinga, Lakini Hesabu Ipo

Basi likitumbukia korongoni au kivuko kikipinduka, idadi ya waliofariki ikishatangazwa tu, sentensi inayofuata ni ileile: ajali haina kinga. Ya pili haikawii: kazi ya Mungu haina makosa. Akitokea mtu bado ana swali mdomoni, hupewa ya tatu, ambayo wenye vipaza sauti wanaipenda sana: huu si wakati wa kutafuta mchawi. Kutoka hapo ni rambirambi, sanda na nauli za kusafirisha miili.

Kauli hizi zina watetezi, na hoja zao ni nzito kuliko sisi tunaoandika tunavyopenda kukiri. Kaa msibani uone. Mama amekaa kwenye mkeka, anajipiga kifua, anarudia jambo moja: mtoto alitaka kusafiri kesho, mimi ndiye niliyemharakisha aondoke leo. Hapo hakuna hotuba ya usalama barabarani itakayomsaidia. Kuna jirani tu anayemshika mkono na kumwambia, "Mwenzangu, siku yake ilikuwa imefika." Waislamu wana innalillahi yao, Wakristo wana maneno ya Ayubu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Bila maneno hayo, mama yule angebaki na "ningejua" yake mpaka imuue.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana mijini. Kanda ya Ziwa, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine ushahidi wote dhidi yao ukiwa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Mahali ambapo kila kifo lazima kiwe na mtu aliyekileta, mzee wa ukoo anaposimama na kusema kwa sauti kwamba hii ni kazi ya Mungu, anaokoa maisha ya mtu. Anafunga mjadala, ndiyo, na ni vyema umefungwa. Kwa hiyo anayezicheka kauli hizi na kuziita ujinga wa watu wasiosoma hajui zimefanya kazi gani.

Tatizo linaanza sentensi inapotoka mkekani ikapanda jukwaani.

Mchana wa tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kilipinduka kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220, waliotoka hai 41. Uwezo wa kivuko ulikuwa abiria 101.

Kwenye namba hiyo naomba tukae kidogo, maana kila mara mjadala unapozimwa ndiyo inayosahaulika kwanza. Chukulia siku ile kila mtu mwenye haki ya kuwa ndani ya kivuko alikufa, wote 101, hakubaki hata mmoja wa kusimulia. Bado ingebaki miili zaidi ya 120 isiyo na maelezo. Watu hao hawakuanguka kutoka mawinguni. Walipanda mmoja mmoja, mchana kweupe, na magunia yao na watoto wao mgongoni, mbele ya watu waliokuwa na kazi ya kuhesabu. Ajali yenyewe huenda ilichukua dakika chache, lakini kujaza kivuko zaidi ya mara mbili ya uwezo wake ni shughuli ndefu, na inaweza kusimamishwa mahali popote kuanzia abiria wa 102. Hata Bungeni, mbunge wa Ukerewe alikuwa amekwishalalamikia hali ya kivuko hicho. Ukiniambia upepo hauna kinga nitakubali. Abiria wa 102 ana kinga, nayo ni mtu wa kumwambia subiri zamu ijayo.

Na hatukuwa wageni wa jambo hilo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Uwezo wake ulikuwa abiria 430, na makadirio ya waliokufa ni 800 au zaidi. Kwa nini makadirio? Orodha iliyokuwapo ilikuwa na majina 443, ya daraja la kwanza na la pili. Wa daraja la tatu, walionunua tiketi ya bei nafuu, hawakuwa na orodha yoyote. Yaani mtu alikufa na hata kuhesabiwa kwamba alikuwamo hakuhesabiwa. Halafu tunaambiwa ni Mungu pekee ajuaye idadi yao, na kweli ni Yeye pekee, kwa kuwa aliyekuwa kazini hakuandika.

Zanzibar nayo ina yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu wasiofika 700, na ilikuwa imebeba zaidi ya 2,000. Mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe. Safari hiyo waziri aliyehusika na uchukuzi visiwani alijiuzulu, jambo ambalo kwetu ni nadra kiasi kwamba watu walianza kumwonea huruma yeye.

Sasa turudi kwenye dini, kwa sababu kauli hizi huvaa joho la dini na anayehoji huonekana anabishana na Mungu. Nadhani hapa ndipo wanaouliza maswali wanapodhulumiwa zaidi. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinasema ng'ombe akimuua mtu kwa pembe, ng'ombe huyo auawe na mwenyewe aachiliwe. Ila kama ng'ombe alikuwa na desturi ya kupiga watu, mwenyewe ameonywa naye hakumzuia, hukumu inamrudia mwenye ng'ombe. Sheria ya maelfu ya miaka tayari ilijua tofauti ya ajali na mazoea! Kumbukumbu la Torati 22:8 inamtaka anayejenga nyumba mpya aweke ukuta wa kuzuia watu kuanguka kutoka darini, asije akaleta damu juu ya nyumba yake. Kwa upande wa Waislamu kuna ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, bedui alipomuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, akaambiwa mfunge, kisha utawakali. Sijaona katika vitabu hivyo mahali ambapo qadari ya Mungu inatumika kumficha mwenye ng'ombe.

Ndiyo maana hiyo kauli ya mchawi inaniudhi kuliko zote. Inachukua kitu kizuri, ile busara ya mzee wa ukoo aliyewazuia vijana wasiende na mapanga kwa bibi, na kuitumia kumkinga mtu mwenye muhuri. Anayeuliza kivuko kilikaguliwa lini amewekwa kundi moja na anayemsingizia bibi macho mekundu. Bibi hana cheti cha ukaguzi, halipwi mshahara wa kuhesabu abiria wala kuchunga boti la mtu. Afisa ana vyote hivyo, na karatasi zake zinasomeka.

Watetezi watasema: sawa, lakini ukifungua mlango wa lawama hujui utaishia wapi. Hofu hiyo ni ya haki. Nimeona misiba iliyogeuzwa mikutano ya kampeni, mgombea akihesabu majeneza kama kura, na aliyesema "usilete siasa hapa" siku hiyo alisema kweli. Pia ipo lawama ambayo yenyewe ni kufuli. Basi likigonga, kabla hata damu haijakauka tunaambiwa chanzo ni mwendo kasi na uzembe wa dereva. Dereva akiwa amekufa, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza aliendesha saa ngapi mfululizo, tajiri alimpangia hesabu ya shilingi ngapi kwa siku, breki zilitengenezwa na nani. Kumlaumu marehemu kunaweza kuzima mjadala vizuri zaidi kuliko kumtaja Mungu.

Lakini kuuliza bila kuwinda mtu kunawezekana, na tunakufanya tayari kwa ndege. Ndege ya abiria ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, wakafa watu 19 kati ya 43, rambirambi zilitolewa kama kawaida na wachunguzi wakaingia kazini palepale. Taratibu za kimataifa za usafiri wa anga zinataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na zinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kwa nini basi la abiria 60 lisistahili heshima hiyo? Jibu ninalolishuku ni kwamba wanaopanda ndege ni watu ambao huwezi kuwafunga mdomo kwa methali.

Kinga nayo, pale ilipotakiwa kwa dhati, imewahi kupatikana. Kuanzia Februari 2004, kwa amri ya Waziri John Michuki wa Kenya, matatu zilitakiwa ziwe na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na abiria 14 tu katika zile ndogo. Wenye matatu walipiga kelele na walitii. Utekelezaji ulilegea baadaye, hilo Wakenya wenyewe wanalisema kila siku, lakini hakuna anayeweza kudai tena kwamba kumfunga abiria mkanda ni kuingilia kazi ya Mungu.

Kwa hiyo jirani wa mkekani aendelee kusema siku imefika, na asibughudhiwe. Ila kiongozi anayefika msibani na msafara aulizwe mambo yanayojibika kwa karatasi: tiketi ngapi zilikatwa siku hiyo, maboya ya kuvaa yalikuwa mangapi, cheti cha mwisho cha ukaguzi kina tarehe gani. Hakuna swali hapo linalomtaja mtu kwa jina wala kumwongezea uchungu mfiwa. Wafiwa wenyewe, ukiwakuta jioni watu wakishatawanyika, huwa ndio wanaoyauliza.