Cheti cha Baba Yako Kiko Wapi?

Una miaka 40, una namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kadi ya mpigakura unayo. Omba pasipoti ya Tanzania uone: cheti cha kuzaliwa cha mzazi kiko wapi? Jamani! Mzee kazaliwa kijijini 1938, mkunga ni jirani, nani angemwandikia cheti? Haya, kiapo badala ya cheti. Wakili, muhuri, hela.

Halafu majina! Cheti kinasema Mohamed, NIDA Muhammad, shule Mohammed. Herufi zimepishana kidogo, faili linalala. Rudi kwa wakili, kana kwamba wewe ndiye uliyeshika kalamu siku unazaliwa. Fomu yenyewe unajaza mtandaoni, kisha unaichapisha uibebe kwapani. Mtandao wa nini sasa?

Na ukitaja mikoa ya mpakani, Kigoma au Kagera? Jiandae kueleza babu alikotoka na alivuka mto gani.

Wa ughaibuni ndio kabisa. Ukichukua uraia wa Uingereza kwa hiari ukiwa mtu mzima, sheria ya uraia ya 1995 inakuvua Utanzania. Ukija kumzika mama yako, unaweza kudaiwa viza! Kwani Usukuma nao unafutwa kwa muhuri?