Sikukwama ukutani, nilikwama kwenye kijerikeni

Kwanza tusahihishe. Ile sauti inayozunguka WhatsApp hapa Busia, na sasa imevuka mpaka bila pasipoti, eti "fundi plasta ameganda ukutani mpaka wakavunja nyumba ya mama wa watu", ni uongo. Aliyeituma ni rafiki yangu wa boda. Yeye ndiye aliyenibeba, kwa hiyo anajua vizuri kwamba hakukuwa na ukuta. Kulikuwa na kijerikeni cha lita 5. Haya ninayaandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, mnivumilie.

Ukuta wenyewe tulikuwa tumeumaliza wiki mbili kabla. Ndani simenti moja kwa mchanga tano, nje moja kwa nne, unene milimita 15. Tofali tulizilowesha kabla ya kupiga, na baada ya hapo tukamwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7. Hakuna ufa hata wa kupitisha unywele. Nalisema hili kwa sababu kuna mmoja ameshaandika, "Ndiyo maana plasta yake inapasuka." Bwana, inayopasuka ni ya mchanga wenye udongo, au ya fundi anayebandika kwenye tofali kavu, tofali likanyonya maji wakati simenti bado inayataka. Mimi nilikwama. Sikupasuka.

Siku ya balaa nilikuwa na kazi ya dari. Mwenye nyumba alitaka ua katikati ya sebule, pale inaponing'inia taa. Hapo simenti haina kazi, ni ule unga mweupe, plasta ya Paris. Ni jasi iliyochomwa kwenye joto la kama nyuzi 150 mpaka maji mengi iliyoyashika yakatoka. Jina ni la machimbo ya Montmartre, kule Paris. Ukiurudishia maji, unayadaka kwa pupa na kugeuka jiwe tena, na pupa hiyo inatoa joto. Hapo kwenye joto pakumbukeni, tutapita tena.

Ajabu ni kwamba jasi hiyohiyo, bila kuchomwa hivyo, husagwa pamoja na simenti kiwandani, kama asilimia 3 hadi 5, ili simenti isishike haraka. Ndani ya mfuko wa simenti ni breki. Ikichomwa ikawa peke yake, inakimbia kuliko pikipiki ya magendo.

Kuichanganya kuna adabu. Unga unaingia kwenye maji, si maji kwenye unga. Lita 2 za maji, unga karibu kilo 3, unanyunyiza kama unatia chumvi mboga ya mkwe, mpaka kitokeze kisiwa kidogo juu ya maji. Unauacha unywe dakika moja au mbili, halafu unakoroga polepole usiingize hewa. Ukifanya hivyo una dakika kama kumi za kufanya kazi. Ila chombo kiwe safi! Mabaki ya jana yakibaki humo, kila punje ni mbegu: unga mpya unazikuta fuwele zimeshapanga foleni, nao unajiunga mbio. Maji ya vuguvugu nayo yanausukuma. Dakika kumi zinakuwa nne.

Haya nimewafundisha vijana wengi. Niliyasema hata asubuhi hiyo. Nikamwambia kijana wangu, "Osha kijerikeni." Akaitika, "Tayari, mzee." Sikuchungulia. Na maji aliyoleta yalikuwa yameshinda juani.

Kijerikeni nilikuwa nimekikata juu, tundu la kupitisha mkono na mwiko mdogo basi, ili mchanganyiko usimwagike nikipanda ngazi. Nilijiona nina akili sana.

Basi nimeinama, nakoroga, simu nimeibana kati ya sikio na bega. Mke wangu ananiuliza kama nitakumbuka unga wa posho, ugali wetu wa huku. Nikamjibu, "Unga ninao hapa mwingi." Nikacheka utani wangu mwenyewe. Bega nalo likacheka. Simu ikateleza.

Naiona mpaka sasa. Haikutumbukia kwa kishindo. Ilisimama wima kwanza kwenye ule uji mweupe, kioo kinawaka, jina la mke wangu liko juu, kisha ikazama taratibu kama mtu anayejifunika blanketi. Nikatia mkono. Sikupaka hata tone la mafuta, sikuvaa glavu, na mikono yangu, wanaonijua wanajua, ina vinyweleo vya kutosha watu wawili. Uji ulikuwa laini kama maziwa ya mgando. Nikapapasa, nikaigusa, ikaniponyoka. Nikapiga hesabu: dakika tatu zimekwisha, zimebaki saba. Hesabu sahihi kabisa, ya chombo kisafi.

Nikaipata. Nikaikunjia ngumi isiniponyoke tena, nikavuta. Ngumi yenye simu haipiti kwenye tundu la mkono mtupu. Mnacheka nyani aliyeshika karanga ndani ya kibuyu? Nyani hakuwa analipia simu kwa mafungu. Nikasema basi, niiachie, niishike kwa ncha za vidole.

Vidole vikakataa.

Uji ulikuwa umegeuka posho. Mwanzo posho laini ya mgonjwa, ukisukuma inasikia. Nikavuta pumzi mbili, ikawa posho ya shule ya bweni. Nikainua mkono, kijerikeni kikainuka nao. Plasta hii inapoganda inavimba kidogo, chini ya asilimia moja, ndiyo maana inanakili kila mstari wa ua. Siku hiyo ilinakili kiganja changu.

"Kijana," nikamwita kwa sauti ya upole iliyonitisha mwenyewe, "hiki kijerikeni ulikiosha?"

"Nilikisuuza, mzee."

Halafu joto likaja. Wengi hawajui kwamba linapanda wakati plasta imeshashika, ukidhani mambo yamekwisha. Kwenye ua la dari ni jembamba, linapoa. Kwenye donge la kilo 5 halina pa kutokea, linajazana katikati, na katikati nilikuwepo mimi. Likapita maji ya kuoga, likaelekea chai. Na hapo, wapendwa, simu ikaanza kutetemeka ndani ya jiwe. Mke wangu anapiga tena. Nilimsikia mpaka kwenye kiwiko.

Nikatumbukiza kijerikeni chote kwenye pipa la maji baridi. Ndiyo akili pekee niliyoionyesha siku ile, na hata hiyo haifiki katikati ya donge haraka. Ilitakiwa tulivunje palepale. Donge la namna hiyo likingojwa lipoe lenyewe linaweza kuunguza vidole vibaya sana. Lakini kijana alishika nyundo ya kilo 2 na macho yake sikuyaamini. Nikapanda boda, nimekumbatia kijerikeni kama mtoto wa chanjo.

Kliniki, nesi alikuwa anaandika, hakuinua uso.

"Pole, baba. Shida?"

"Nataka kutolewa plasta, musawo."

"Umekaa nayo wiki ngapi?"

"Dakika ishirini na tano."

Kalamu ikasimama. "Mfupa upi ulivunjika?"

"Hakuna."

"Nani alikufunga?"

"Nilijifunga."

Akainua uso. Akaona kijerikeni. Wakati huohuo kikaanza kunguruma juu ya meza yake.

"Na huyo ni nani?"

"Mke wangu."

Benchi zima la wagonjwa lilipona.

Daktari akaja na msumeno wa plasta, akautazama mkono, akaurudisha. Akanieleza kwamba blade yake haizunguki, inatetemeka tu. Kwenye mkono uliofungwa vizuri kuna soksi na pamba chini, ngozi inacheza na msumeno, haikatiki. "Wewe uliweka pamba?" Sikuweka. Mkono uliovunjika, akasema, hufungwa tabaka 8 hadi 10 za bandeji iliyopakwa unga huu, na maji hayatakiwi kuwa ya moto, maana hata tabaka hizo huchemka. Akaongeza kuwa Mholanzi mmoja, Mathijsen, daktari wa jeshi, ndiye aliyeanza bandeji hizo mwaka 1851. Nikamwambia Mathijsen aliwapaka wenzake.

Tukakata plastiki kwa kisu. Kijana akachora mfereji kwa msumeno wa chuma pande mbili, mbali na vidole, mimi nikielekeza kama msimamizi wa ujenzi wa mwili wangu. Patasi, nyundo ndogo, ko, ko, ko. Vipande vitatu. Vinyweleo vilibaki upande wa plasta. Mkono ulitoka mwekundu, maji ya bomba dakika 20, malengelenge mawili ambayo nesi alikataza nisiyapasue. Patasi ilinikwaruza kifundo, akabandika pale plasta ya gundi, ile ndogo ya duka la dawa. Risiti ninayo: "Kuondoa plasta. Kuweka plasta." Nyumbani nikaulizwa unga wa posho uko wapi.

Ua la dari nitalimaliza Jumatatu, kijana amwage, mimi nishike ngazi. Kuhusu picha mnazoniletea tangu jana: ndiyo, ni ngumi yangu. Kijana aliviokota vile vipande vitatu, akavifunga kwa mpira wa tyubu, akapaka sabuni ndani ili visishikane, akamimina plasta mpya. Imetoka na kucha zote, na kona ya simu inachungulia kati ya vidole. Iko stendi ya boda, juu ya kreti ya soda, wanapiga nayo selfi.

Nimeikagua. Haina tundu hata moja la hewa. Safari hii chombo alikiosha.